Jengo ni Miezi 18, Mhadhiri ni Miaka Minane

Januari 2016 madarasa ya kwanza katika shule za msingi za Tanzania Bara yalifurika. Serikali ilikuwa imetoka kutangaza elimu bila ada, na wazazi waliokuwa wakivuta subira walileta watoto wote kwa mkupuo, wa miaka sita na saba, pamoja na wale wakubwa waliokuwa wamechelewa. Watoto hao walifika darasa la saba mwaka 2022. Waliosajiliwa kufanya mtihani mwaka ule walivuka milioni 1.3, ilhali mwaka uliotangulia walikuwa takriban milioni 1.1. Waliofaulu waliingia kidato cha kwanza 2023. Hesabu inayobaki haihitaji mtakwimu: kidato cha nne 2026, kidato cha sita 2029, na kabla mwaka huo haujaisha wenye sifa watakuwa wanagombania nafasi za vyuo vikuu.

Nyuma yao kuna wimbi la pili. Mtaala ulioanza kutumika 2024 unafupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Walioanza nao wakiwa darasa la tatu watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza la saba. Makundi mawili yataingia sekondari pamoja Januari 2028. Wengi wataishia kidato cha nne, wengine watakwenda mkondo wa amali, yaani wa ufundi, lakini watakaobaki kwenye njia ya kidato cha sita watabisha hodi vyuoni mwaka 2034.

Ukisoma maandiko ya mipango ya vyuo vikuu vyetu vya umma utakutana na maneno "ongezeko la mahitaji ya elimu ya juu" karibu kila ukurasa wa utangulizi. Yameandikwa kwa namna ambayo ungedhani ongezeko hilo ni mvua ya vuli, huenda ikanyesha, huenda isinyeshe. Lakini ongezeko hili lina tarehe, na wahusika wake wamekwishazaliwa, wamesajiliwa na wana namba za mtihani. Kinachobaki ni kuuliza tunawasubiri na nini.

Tunawasubiri na majengo. Mradi mkubwa kuliko yote ni ule wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ambao kila mtu vyuoni anauita HEET. Ni mkopo wa dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ulioidhinishwa 2021 na kupangiwa miaka mitano. Umefanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa upana huu: kupeleka kampasi za vyuo vya umma kwenye mikoa ambayo mingi yake haikuwa nazo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinakwenda Lindi na Kagera. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinakwenda Kigoma, Mzumbe inakwenda Mkinga mkoani Tanga, Ardhi inakwenda Sengerema mkoani Mwanza, Dodoma inakwenda Njombe, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kinakwenda Rukwa, Ushirika Moshi kinapanua tawi lake la Shinyanga, na Chuo cha Uhasibu Arusha kinakwenda Songea. Mtu aliyekulia mkoa ambao mwisho wa elimu yake ulikuwa stendi ya mabasi yaendayo Dar es Salaam hawezi kulibeza jambo hili, na mimi silibezi. Mradi pia unalipia masomo ya uzamili na uzamivu ya wahadhiri, maabara, mitaala na mifumo ya TEHAMA. Ni mradi uliofikiriwa.

Tatizo langu liko kwenye mwaka wa sita. Mradi ni wa miaka mitano. Mwaka wa sita umeme wa kampasi ile atalipa nani, kemikali za maabara zitatoka fungu gani, na nani atasimama mbele ya darasa?

Swali la mwisho ndilo zito. Mkandarasi akikabidhiwa eneo, jengo la madarasa na maabara hupangiwa miezi 18 hivi. Likichelewa ni miaka miwili au mitatu, maana mkandarasi wa serikali naye hukaa akisubiri hati zake za malipo zilipwe. Mhadhiri hana ratiba hiyo. Unaanza na kijana aliyemaliza shahada ya kwanza kwa GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.8, unamwajiri kuwa mkufunzi msaidizi. Atakaa mwaka mmoja hivi akisimamia semina na kusahihisha mitihani kabla hajapata ufadhili. Shahada ya uzamili ni miaka miwili. Uzamivu unaandikwa miaka mitatu au minne, lakini waliopita huko wanajua kwamba mitano ni kawaida, hasa ukiwa unafundisha huku unasoma. Jumla ni miaka minane, ikiwa hakuna kilichoharibika njiani.

Rudisha hesabu hiyo nyuma. Mhadhiri mwenye uzamivu wa kulifundisha wimbi la 2029 alipaswa kuajiriwa 2021. Kama hakuajiriwa, hakuna benki duniani inayoweza kumkopesha kwa sasa. Wimbi la 2034 bado linawahiwa, lakini kwa nafasi nyembamba: mkufunzi msaidizi atakayeajiriwa 2026 ndiye atakayekuwa amemaliza masomo yake wakati huo, na yule wa 2028 atakuwa bado anaandika sura ya nne.

Sasa tazama tulichofanya tulipokuwa na muda. Katikati ya 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji vyeo ili kuhakiki watumishi hewa, kisha ukafuata uhakiki wa vyeti uliowaondoa watumishi 9,932 kwa mujibu wa taarifa iliyokabidhiwa Rais John Magufuli Aprili 2017. Sina ugomvi na kuondoa watumishi hewa. Lakini kwa chuo kikuu, mwaka mmoja wa kutoajiri una mkia mrefu kuliko kwa ofisi nyingine. Halmashauri ikikosa karani mwaka huu, mwakani inampata karani aliye tayari. Chuo kikikosa wakufunzi wasaidizi mwaka huu, baada ya miaka minane kinakuwa na pengo la madaktari wa falsafa, na pengo hilo halizibwi kwa tangazo gazetini. Vijana wenye GPA za juu waliomaliza 2016 na 2017 hawakukaa nyumbani wakisubiri kibali. Walikwenda benki, kwenye mashirika, wengine nje ya nchi.

Na hata waliokwishaiva hawabaki wote. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kumezoeleka mhadhiri kulala akiwa na mitihani ya kusahihisha akaamka katibu mkuu. Profesa Palamagamba Kabudi na Profesa Kitila Mkumbo ni wawili tu wanaojulikana zaidi kati ya waliotoka pale wakaingia serikalini kwa uteuzi. Nchi ina haki ya kuwatumia wasomi wake. Ninachosema ni kwamba kila uteuzi wa namna hiyo huacha kozi mbili tatu bila mwenyewe na wanafunzi wa uzamivu bila msimamizi, na sijaona mpango mkakati unaoihesabu hasara hiyo kama jambo la kutarajiwa, ingawa hutokea kila awamu.

Somo hili tulikwishalilipia Dodoma, na kwa bei ghali. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, kikaanzia kwenye ukumbi wa Chimwaga, ambao ulikuwa wa mikutano ya CCM. Lengo lilitangazwa mapema: wanafunzi 40,000. Fedha za kujenga kwa kasi ile Hazina haikuwa nazo, kwa hiyo mifuko ya hifadhi ya jamii iliingizwa. NSSF, PSPF, PPF, LAPF, hata Bima ya Afya. Mifuko ilijenga kwa makubaliano kwamba Serikali ingelipa. Kwa miaka mingi ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ziliendelea kuorodhesha madeni hayo kama yasiyolipwa kwa wakati. Maana yake ni kwamba chuo kilijengwa kwa akiba za uzeeni za wafanyakazi, wakiwemo walimu wa sekondari waliokuwa wakiwaandaa wanafunzi wa kukijaza.

Majengo yalisimama. Ukifika pale leo, vile vitivo vilivyotapakaa juu ya vilima, kila kimoja na mabweni yake, vinakufanya uamini kwamba kuna mtu aliota ndoto kubwa na akapata saruji ya kutosha. Wahadhiri na wanafunzi hawakuja kwa kasi ile. Miaka kumi baadaye chuo kilikuwa bado mbali na lengo la 40,000, na Serikali ilipoamua 2016 kuhamia Dodoma, wizara kadhaa zilipata pa kufikia. Barua rasmi za wizara zikaanza kubeba anwani ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na jengo namba fulani. Watu walilichukulia kama utani. Kwa mpangaji wa elimu, anwani ile ni taarifa ya ukaguzi: nafasi ilijengwa kabla ya watu wa kuitumia.

Kisa cha pili cha Dodoma kinauma zaidi. Nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa walimu wa sayansi na hisabati. Wazo likaja, zuri kwenye karatasi, kwamba chuo chenye nafasi kianzishe stashahada maalumu ya ualimu kwa vijana waliomaliza kidato cha nne. Fursa mpya, mahitaji halisi, majengo yapo. Mwishoni mwa Mei 2016 wanafunzi 7,802 wa programu hiyo waliamriwa waondoke chuoni, wengi wakiwa hawana hata nauli. Maelezo yaliyotolewa bungeni yalikuwa kwamba wahadhiri hawakuwa wakiingia madarasani kutokana na mgogoro wa malipo. Baada ya siku chache mjadala ukahamia kwenye ufaulu wa vijana wenyewe, neno "vilaza" likapita mitaani, na swali la awali likafukiwa. Programu ya watu zaidi ya elfu saba ilikuwa imepakiwa juu ya wahadhiri walioajiriwa kwa mzigo mwingine, kwa ahadi ya posho. Posho iliposumbua, programu nzima ilianguka ndani ya wiki chache. Watoto walibeba lawama ya hesabu ambayo hawakuifanya wao.

Nisieleweke vibaya. Dodoma ni chuo kikubwa kwa sasa, kina wahitimu kila kona ya utumishi wa umma, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyojengwa pembeni yake inatoa huduma ambazo zamani ungezifuata Muhimbili. Kilisimama. Lakini kilisimama kwa gharama ambazo mpango wa awali haukuzitaja, na zililipwa na watu ambao hawakuwa mezani.

Kenya walikwama kwa njia nyingine, na kwa kuwa majirani zetu wamelipia ada ya somo hilo, ni uvivu kutolisoma. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha Moduli ya Pili, mpango wa kudahili wanafunzi wenye sifa waliokosa nafasi za serikali, wajilipie wenyewe. Makerere walikuwa wametangulia tangu mapema miaka ya 1990. Mwanafunzi wa serikali Kenya alikuwa akilipa ada ya Sh16,000 kwa mwaka. Wa kujilipia alilipa mamia ya maelfu, kutegemea kozi. Fedha zilifurika. Vyuo vingine vilifuata, matawi yakafunguliwa kwenye maghorofa katikati ya miji, juu ya benki na maduka ya simu. Nairobi ikajenga mnara wake wa ghorofa 22 kwa mapato ya ndani. Kati ya 2012 na 2013 vyuo vishiriki vingi vilipandishwa hadhi kuwa vyuo vikuu kamili kwa mkupuo mmoja. Ilionekana kama jibu la kudumu.

Jibu lile lilisimama juu ya nguzo ambayo vyuo havikuimiliki: idadi ya watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wanaopata C+ na kuendelea, alama inayomfungulia mtu mlango wa chuo kikuu. Mwaka 2015 walikuwa zaidi ya 165,000, na zaidi ya 2,600 kati yao walipata A. Mwaka 2016 Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, alikaza udhibiti wa mitihani. Waliopata A walishuka hadi 141. Waliofikisha C+ walikuwa 88,929, na mwaka uliofuata 70,073. Kwa idadi ile Serikali iliweza kuwapangia nafasi wote, na ikaanza hata kuwapeleka wengine vyuo binafsi kwa fedha za umma. Wa kujilipia wakatoweka. Na hapa kuna kejeli ambayo mwandishi wa tamthilia angeogopa kuibuni: mwenyekiti wa Baraza la Mitihani wakati wa ukazaji ule alikuwa Profesa George Magoha, ambaye kuanzia 2005 hadi 2015 alikuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya neema ya Moduli ya Pili.

Kilichofuata kinajulikana kwa yeyote anayefuatilia habari za Nairobi. Mishahara iliyochelewa, makato ya watumishi yasiyopelekwa kwenye mifuko, wazabuni wanaodai. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilikaa kwenye mgomo kwa miezi mwaka 2024. Mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa 2023, unaompanga mwanafunzi kwa hali ya kipato cha familia yake, ulitamkwa na Mahakama Kuu Desemba 2024 kuwa unakiuka Katiba, na mvutano ukahamia Mahakama ya Rufani. Wahadhiri na wafanyakazi walioajiriwa wakati wa neema hawakuweza kupunguzwa kwa kasi ambayo ada ilipungua. Chuo kikuu hupanuka haraka na kusinyaa polepole. Mtu akishaajiriwa ana haki zake, na jengo likishafunguliwa lina bili zake.

Sisi hatukukopi mpango wa Kenya kwa ukubwa ule, lakini tusijipongeze mapema. Nguzo yetu ni Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Sehemu kubwa ya ada kwenye vyuo vya umma haitoki mfukoni mwa mzazi; inapitia bodi. Bajeti ya mikopo ilikuwa Sh bilioni 570 mwaka 2021/22, ikafika Sh bilioni 787 mwaka 2024/25. Ni kupanda kwa kupongezwa, na wanafunzi wanaosubiri bumu, yaani fedha zao za kujikimu, wanajua thamani yake. Lakini ukiwa ofisa mipango wa chuo unapaswa kuliona pia kwa jicho jingine. Mwaka ambao bajeti hiyo itasimama huku wimbi la 2029 likiingia, ama wanufaika watagawana kidogo kidogo, ama wengi watakosa, na chuo kilichopanga ukuaji kwa kudhani kila kiti kitalipiwa kitakuwa na viti vitupu au na wadaiwa. Nimewahi kukaa kwenye vikao ambapo jedwali la makadirio lilionyesha udahili ukipanda kwa asilimia ileile kila mwaka, mstari ulionyooka kama rula. Hakuna aliyeuliza mstari ule unategemea uamuzi wa nani.

Ndiyo maana kila chuo kinazungumzia vyanzo vipya vya mapato. Kozi fupi, shahada za uzamili za jioni, ushauri elekezi, ardhi. Hizo za kwanza zina faida, ila zina kikomo kilekile: anayefundisha jioni ni yuleyule aliyefundisha asubuhi, na yule anayeandika ripoti ya ushauri Ijumaa ndiye aliyepaswa kusoma tasnifu ya mwanafunzi wake Alhamisi.

Ardhi ni habari nyingine, na hapa Mlimani ina uzoefu wa miaka ishirini. Mlimani City ilijengwa kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Turnstar ya Botswana, kwa mkataba wa 2004 wa miaka 50. Maduka yakafunguliwa 2006. Wazo lenyewe lilikuwa la kijasiri. Chuo kilikuwa na ardhi pembeni ya barabara kuu, hakikuwa na mtaji, kikatafuta mwenye mtaji. Lakini wakaguzi na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali wamekuwa wakirudi kwenye mkataba ule kwa miaka, wakihoji mgawo wa chuo na kuuliza hoteli na bustani ya mimea vilivyokuwa sehemu ya makubaliano viko wapi. Chuo kilichokuwa na kitivo cha sheria mashuhuri kuliko vyote nchini, na wachumi wa kutosha kuanzisha benki kuu nyingine, kilijikuta kikielezea mkataba wake mbele ya wabunge. Vyuo vingine vinavyokaa juu ya maelfu ya ekari vina haja ya kuusoma mkataba ule kifungu kwa kifungu kabla havijaita wawekezaji.

Kwa upande wa fursa, ninayoiamini zaidi kuliko zote iko Kigoma. Kampasi ya Muhimbili pale haipo pembezoni mwa nchi kama ramani ya Dar es Salaam inavyotaka tuamini. Iko mbele ya Burundi na Kongo ya mashariki, ng'ambo ya ziwa kutoka Kalemie, katika eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya soko na ya zahanati pande zote za maji. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Kijana wa Kalemie anayetaka kusomea uuguzi au maabara yuko karibu zaidi na Kigoma kuliko na Kinshasa, kwa mbali. Chuo kinachojua kazi yake kingeandaa mwaka wa matayarisho kwa wanafunzi waliosoma kwa Kifaransa, kingekubaliana na Uhamiaji juu ya vibali vya ukaazi, na kingeweka ada ambayo familia ya mfanyabiashara wa ziwani inaweza kuimudu. Hiyo ndiyo maana ya ukuaji unaotokana na mahali chuo kilipo, badala ya kupeleka kivuli cha Dar es Salaam mkoani.

Lakini Kigoma inaonyesha pia ugumu kwa uwazi kuliko mkoa mwingine wowote. Huwezi kufundisha tabibu bila hospitali ya kufundishia, na Hospitali ya Rufaa ya Maweni inahitaji mabingwa wengi zaidi ili iwe darasa. Bingwa wa upasuaji aliyeko Dar es Salaam ana mshahara wa serikali, ana siku mbili za jioni hospitali binafsi, mwenzi wake ana kazi mjini, watoto wako shule nzuri. Unamwambia ahamie Kigoma kwa mshahara uleule. Akisema hapana, si kwamba hana uzalendo; amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Ningekuwa na sauti kwenye mradi huu ningeanza na nyumba za wahadhiri na posho ya mazingira iliyoandikwa kwenye muundo wa utumishi, nikaacha jengo la utawala liwe la mwisho. Tumezoea kinyume chake: jengo la utawala ndilo hupigwa picha kwanza, lina ngazi pana na mahali pa jiwe la msingi.

Mambo yanayotakiwa hayana siri. Ofisi ya Rais Utumishi iwape vyuo vibali vya ajira vya miaka kadhaa kwa pamoja, vikifungamanishwa na ikama (idadi ya watumishi inayoruhusiwa) ya kila kampasi mpya, ili chuo kiweze kumwajiri mkufunzi msaidizi leo kikijua nafasi yake ya uhadhiri itakuwepo atakaporudi. Hazina iandike mapema fungu la uendeshaji la kampasi hizi, likionyesha umeme, maji, ulinzi na maabara kwa miaka mitano baada ya fedha za mradi kuisha. Wastaafu wenye nguvu wapewe mikataba ya kusimamia wanafunzi wa uzamivu, ambao ndio mzigo unaokwamisha kila kitu. Umri wa kustaafu kwa maprofesa umekwishasogezwa hadi miaka 65, na wengi wanafika hapo wakiwa na akili kali kuliko sisi tuliobaki. Na vyuo viache kuoneana wivu wa wahadhiri. Mtaalamu wa takwimu aliyepo Mbeya anaweza kufundisha Rukwa wiki mbili kila mwezi kama kuna gari, nyumba ya kufikia na mtu wa kuidhinisha malipo bila kumzungusha.

Kuna chombo kimoja chenye uwezo wa kulazimisha haya yafanyike, nacho ni Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kusimamisha programu 75 katika vyuo vingine 22, kwa kukosa vigezo, wahadhiri wenye sifa wakiwa miongoni mwa vigezo hivyo. Waliobanwa zaidi walikuwa vyuo binafsi, vingi vya makanisa na vya watu waliokuwa wamekodi majengo mijini. Wenye vyuo hivyo walilalamika kwamba vyuo vya umma havipimwi kwa rula ileile. Kampasi za Lindi, Kagera, Njombe, Songea na nyinginezo zitakapoomba ithibati ya programu zao, TCU iwaombe majina ya wahadhiri kabla ya kuwaomba michoro ya majengo: nani ameajiriwa, ana shahada gani, anaishi wapi, anafundisha kozi ngapi, na mshahara wake uko kwenye fungu lipi. Kampasi isiyo na orodha hiyo isubiri mwaka mmoja bila kudahili, hata kama rangi ya kuta imekwishakauka na mkuu wa mkoa amekwishapanga siku ya uzinduzi.